Saa ya Nne ya Mhadhara

Kigali, 13 Oktoba 1985

Shangazi yangu Nyiransabimana,

Shikamoo. Leo Jumapili niko nyumbani Rwezamenyo, naandikia juu ya meza ya cherehani ya Baba kwa sababu ndiyo pekee isiyo na vyombo. Wote tunapumua vizuri. Baba anakusalimu. Kazi imemzidi, kila mzazi anataka kaptula ya mtoto wake iwe tayari tangu juzi. Kifua cha Mama kimetulia baada ya mvua kuanza, na anauliza kama zile kanga ulizosema zilikwisha kupata mtu wa kuzileta.

Mwaka wangu wa pili wa uuguzi umeanza. Shule iko upande wa Kicukiro, nalala bweni, nyumbani narudi Jumapili tu. Nasoma, usiwe na wasiwasi. Ila ngoja nikuchekeshe kidogo. Tuna mwalimu anaitwa Musiyo Bizimana, Musiyo ndiyo bwana kwa Kifaransa, anatufundisha dawa na matunzo ya vidonda. Kwetu anakuja siku mbili kwa juma, maana siku nyingine yuko Gitarama na Butare. Basi akifika, anaanza mhadhara saa moja asubuhi na kuumaliza saa sita na nusu. Anasoma kwa Kifaransa, sisi tunaandika. Katikati anatupa dakika kumi za kwenda chooni, na sisi tuko thelathini na wawili na vyoo ni viwili. Mchana tunakwenda wodini.

Rafiki yangu Mukashema, tunayeketi naye dawati moja, juzi alininong'oneza: "Mkono yangu iko hapa inaandika, lakini kichwa ilishafika Kagarama." Kagarama ndiko kwao. Nilicheka hadi nikapoteza mstari, na mstari ukipotea haurudiwi.

Niambie, Shangazi, ninyi wakati wenu mlikaaje muda wote huo?

Mwanao,
Mukarugwiza

*

Kigoma, 17 Novemba 1985

Mwanangu Mukarugwiza,

Barua yako nimeipata jana. Imekaa njiani mwezi mzima na imelowa pembe moja, lakini inasomeka. Nimefurahi kusikia kifua cha wifi yangu. Mie nipo, magoti ndiyo yananisumbua, na wodi ya wazazi imejaa mpaka wengine wanalala wawili wawili. Kanga zipo, nasubiri mtu wa kuaminika.

Hukunichekesha. Baba yako alikuwa tayari kukuoza ulipomaliza shule, unalijua hilo. Ni mimi niliyekuja hapo Kigali, nikakaa kwenye mkeka wake siku nne, nikamwambia: "Kaka yangu Maneno, mwache mtoto asome kazi ya kuuguza. Akishindwa, nilaumu mimi." Akakubali kwa heshima yangu. Sasa wewe unaniandikia habari za kucheka darasani.

Kukaa kitini si kulima. Ukisikia usingizi nawa uso. Kaa dawati la mbele. Na huyo Mukashema mwambie kichwa chake akiache shuleni mpaka Jumapili.

Uliloniuliza juu ya wakati wetu, siku nyingine.

Shangazi yako,
Nyiransabimana

*

Kigali, 26 Januari 1986

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Desemba ilikuwa na mambo mengi. Kulikuwa na harusi mbili mtaani kwetu, moja ya binti wa jirani anayeuza viatu, nyingine ya mpwa wa imamu. Baba alishona magauni tisa kwa juma moja na vidole vikamvimba. Kanga zimefika, Mama amevaa ya kijani kwenye harusi zote mbili bila aibu.

Nilihamia dawati la mbele kama ulivyosema. Mukashema naye akahamia, anakusalimu sana, anasema kichwa chake amekifunga kwa kamba. Mtihani wa muhula wa kwanza tuliufanya kabla ya likizo. Ulipita.

Musiyo Bizimana bado ni yuleyule. Kunawa uso nimejaribu. Saa ya kwanza mwandiko wangu unasimama wima. Ya tatu unaanza kulala. Baada ya hapo nikisoma nilichoandika sijui ni Kifaransa au ni njia ya siafu. Hatusinzii, Shangazi, usidhani ni uvivu. Macho yako wazi na mkono unakwenda, ila hakuna kinachoingia.

Mama anaita nimsaidie kuchambua mchele. Salimia wote.

Mwanao,
Mukarugwiza

*

Kigoma, 20 Februari 1986

Mukarugwiza,

Natumaini hamjambo, na vidole vya kaka yangu vimepoa.

Umeniandikia harusi mbili, magauni tisa, na kanga ya kijani. Mtihani umeupa neno moja. Ulipita, au ulikupita?

Nataka alama. Niandikie mimi mwenyewe, usipitie kwa baba yako.

Nyiransabimana

*

Kigali, 16 Machi 1986

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Vidole vya Baba vimepona.

Nilipata nane kwa ishirini katika somo la Musiyo Bizimana. Sijawahi kupata alama hiyo tangu darasa la kwanza. Baba nilimwambia karatasi hazijarudishwa, na nilipomwambia alikuwa ana pini mdomoni, akaitikia kwa kichwa tu. Tangu siku hiyo nikimwona na pini mdomoni naona haya.

Lakini sikiliza, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Sikuanguka peke yangu. Kati yetu thelathini na wawili, kumi na tisa walianguka. Masomo mengine, yale ya saa moja au mbili, ni wawili watatu tu. Mukashema ndiye aliyeanza kuliona jambo hili. Karibu yetu kuna shule ya msingi, kengele yao inalia kila saa, na yeye ana desturi ya kuandika saa pembeni mwa ukurasa kila inapolia. Anasema humsaidia kujua bado muda gani wa kuteseka. Tulipofungua daftari lake tukaweza kujua kila swali la mtihani lilifundishwa saa ya ngapi ya mhadhara.

Tukazunguka bwenini tukiomba wenzetu karatasi zao. Wengine walituficha kwa aibu, mwishowe wote wakatoa. Maswali ya saa ya kwanza na ya pili, karibu darasa zima walijibu sawa. Ya saa ya tatu, nusu. Swali la saa ya nne walijibu saba. La saa ya tano walijibu wanne, na mmoja kati yao alikuwa akirudia mwaka. Na si wanafunzi wabovu tu walioshindwa. Hata yule anayeongoza darasa alijua mambo ya asubuhi na kuandika upuuzi juu ya mambo ya karibu na chakula.

Tuliyaandika yote vizuri kwenye karatasi moja, tukampelekea Musiyo Bizimana. Aliisoma amesimama, mkoba begani. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Nyie mnafikiri mimi sichoki?" akatuuliza. "Nafika hapa nimeamka saa tisa usiku. Nina shule tatu na kitabu kimoja. Nikikata saa mbili, nani atamaliza programu?"

Mukashema akamwambia, "Lakini Musiyo, programu inaisha na sisi hatuko ndani."

Akatabasamu kidogo, akasema tuipeleke kwa mkuu wa shule. Mkuu wa shule hakuisoma mpaka mwisho. Alisema wakati wake walikaa zaidi ya hapo, tena kwenye mabenchi yasiyo na mgongo, na waliotaka kuelewa walielewa. Akaiweka kwenye droo. Nilisikia ikifungwa.

Nimechoka, Shangazi. Jambo liko wazi kama sahani mezani, na kila mtu anapita pembeni yake.

Mwanao,
Mukarugwiza

*

Kigoma, 13 Aprili 1986

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nilimsomea mwenzangu wa wodini naye akaguna. Maji ya uso niliyokushauri, nisamehe. Nilisema kama watu wanavyosema.

Sikufurahi kuhusu baba yako. Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu.

Mimi niliyoyajua kazini sikuyapata kitini. Kulikuwa na msimamizi wetu mmoja, alikuwa hapendi maneno. Akitaka ujue jambo, anakushika mkono mpaka kitandani kwa mgonjwa, anakuonyesha mara moja, kisha anakwambia: "Sasa nionyeshe wewe." Ukikosea anarudia palepale. Dakika kumi, basi, mnaendelea na kazi. Mambo hayo mpaka leo hayajanitoka. Kwa hiyo fanyeni hivyo ninyi wenyewe. Kila baada ya mhadhara, kabla ya kwenda wodini, kaeni wawili. Mmoja afunge daftari, amwonyeshe mwenzake kwa mikono. Msingoje droo ifunguliwe.

Na usiache kuniandikia kwa sababu ya alama.

Shangazi yako

*

Kigali, 18 Mei 1986

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku tunafunga wote isipokuwa Mama, daktari amemkataza. Barua yako ilinikuta tayari kuna mambo yameharibika.

Mukashema amefukuzwa shule.

Ilikuwa katikati ya Aprili, wodi ya wanawake. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima mwenye kidonda cha mguu cha siku nyingi. Kinaoshwa kila siku kwa ile dawa ya chembechembe inayogeuza maji zambarau, pemanganeti. Mukashema aliichanganya nzito mno. Yule mama alilia, wakadhani ni maumivu ya kawaida ya kidonda. Walipofungua bandeji kesho yake, ngozi ya pembeni ilikuwa imeungua. Mama yule hajambo sasa, lakini badala ya kurudi kwake amekaa hospitali majuma matatu zaidi.

Baraza la shule lilikaa. Musiyo Bizimana alifungua kitabu chake na kuonyesha kwamba vipimo vya dawa hiyo alivifundisha, tarehe fulani, na ni kweli. Wakamuuliza Mukashema kwa nini hakujua. Akasema, "Nilikuwepo, niliandika, sikuelewa." Hawakulipenda jibu hilo. Alifunga godoro lake siku ileile.

Baba nimemwambia habari ya alama zangu. Aliendelea kushona.

Mtihani wa mwisho ni Juni. Niombee.

Mukarugwiza

*

Kigoma, 4 Juni 1986

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa lori anayekuja Kigali, isikae posta. Natumaini saumu inakwenda vizuri na wifi yangu hajilazimishi.

Nimesikitika sana juu ya Mukashema. Nimesikitika pia juu ya mama mwenye mguu, maana ile dawa ikiwa nzito ni kama moto.

Lakini nina swali. Huku kwetu mwanafunzi haoshi kidonda peke yake. Wanakwenda wawili, mmoja anachanganya dawa, mwenzake anaangalia ndipo imwagwe. Nadhani na huko ni hivyo. Umenieleza wodi, umenieleza mguu, umenieleza baraza na kitabu. Hukuniambia mwenzake Mukashema siku hiyo alikuwa nani.

Dereva atakaa siku chache. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Nyiransabimana

*

Kigali, 15 Juni 1986

Shangazi,

Idi imepita. Tulikula, tukasalimiana, nilivaa gauni jipya na sikuweza kumtazama mtu.

Nilikuwa mimi.

Alinionyesha beseni. Aliniuliza, "Mukarugwiza, hii iko sawa?" Maji yalikuwa zambarau nzito, karibu nyeusi. Nikatazama na nikajaribu kukumbuka, na kichwani hapakuwa na kitu. Najua niliandika. Nimelitafuta daftari langu baadaye: ni saa ya nne, na pale penye vipimo kuna neno moja, kisha mstari unaoteremka mpaka nje ya ukurasa. Nilipaswa kusema sijui. Msimamizi alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nikasema, "Iko sawa."

Barazani waliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nakunja mashuka upande wa pili. Mukashema alikuwa amesimama karibu nami hivi. Alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Mpaka sasa sijui kwa nini hakusema. Angesema, ningekuwa nimefukuzwa mimi, au wote wawili.

Nilimwogopa Baba, nikakuogopa na wewe. Ulimwambia, "Nilaumu mimi." Kila nikiketi kwenye mhadhara ule nalisikia neno hilo.

Nimefanya mtihani wa mwisho. Sijui nimeandika nini.

Mukarugwiza

*

Kigoma, 22 Juni 1986

Mwanangu Mukarugwiza,

Salamu zangu kwa wote, nitaandika vizuri siku nyingine.

Uliniuliza mwaka jana tulikaaje wakati wetu. Sikukujibu kwa sababu mimi sikukaa. Mimi si nesi, mwanangu. Niliingia shule ya wauguzi Usumbura, Bujumbura ya sasa, nikiwa na umri wako, na mwaka wa pili nilianguka mtihani mara mbili wakanitoa. Niliona haya kurudi kwetu, nikavuka nikaja huku. Ninafagia wodi ya wazazi, nafua, nawabeba, nawashika mikono wakijifungua. Yale niliyojua nilionyeshwa na yule msimamizi kwa huruma yake. Baba yako aliposikia nafanya kazi hospitali akawaambia watu dada yake ni nesi, na mimi nikamwacha aseme. Ni miaka ishirini na minne sasa.

Ile dawa, iwe rangi ya waridi iliyopauka. Ukiweka mkono wako chini ya maji uuone. Nilionyeshwa mara moja, na mimi ni mfagiaji. Wewe ulisomewa saa tano na nusu na hukuijua. Ukweli huo ni wa karatasi yenu na ninauamini. Lakini hata karatasi hiyo haikukutuma useme ulikuwa unakunja mashuka. Hilo ni lako.

Sikuamrishi. Nilimwamrisha baba yako siku nne mkekani, na umeona nilikutwika nini. Nakwambia tu kwamba nimeishi na neno lisilosemwa, nami ninajua uzito wake asubuhi.

Barua hii unaweza kumsomea kaka yangu. Afadhali aisikie kutoka kwako.

Shangazi yako, mfagiaji,
Nyiransabimana

*

Kigali, 20 Julai 1986

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama mzima, kifua kimemsumbua siku mbili kwa ajili ya vumbi la kiangazi, sasa kimetulia.

Nilipopata barua yako nilikwenda kwanza Kagarama. Mukashema alikuwa anatwanga uani. Nilimwambia nilichotaka kufanya. Aliendelea kutwanga. Baadaye akasema, "Mimi nilinyamaza kwa sababu nilijua hata wewe ulikuwa haujui. Sasa ningekushitaki nini?" Nikalia. Yeye hakulia. Aliniletea maji ya kunywa, kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari lake lenye saa pembeni. Akanipa.

Siku ya pili nikaenda kwa mkuu wa shule na madaftari mawili, lake na langu. Musiyo Bizimana alikuwepo ofisini, anajaza alama. Nilisema: nilikuwa mimi, niliulizwa, nikasema iko sawa, na barazani nilisema uongo. Mkuu wa shule alikasirika sana, na alikuwa na haki. Alisema muuguzi anayeficha ni hatari kuliko muuguzi asiyejua. Nikafungua madaftari ukurasa wa saa ya nne, nikayaweka mezani.

Musiyo Bizimana alivaa miwani. Alitazama ule mstari wangu unaoteremka, akatazama wa Mukashema ambao nao umekatika mahali palepale. Akageuza nyuma mpaka saa ya kwanza, akarudi mbele. Kisha akamwambia mkuu wa shule, taratibu, "Hapa mimi nilikuwa nasomea ukuta."

Baraza lilikaa tena. Mimi narudia mwaka, na muhula wote wa kwanza wodini nitakuwa mtu wa kutazama tu, sishiki mgonjwa. Mtihani nao nilikuwa nimeanguka, kwa hiyo kurudia kulikuwa kunanisubiri vyovyote. Mukashema wamemruhusu kurudi, naye arudie mwaka. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Alisema, "Nitarudi. Lakini si kwa ajili yako." Sikumwomba zaidi ya hapo.

Juu ya mihadhara, tangazo limebandikwa ukutani. Mwaka ujao Musiyo Bizimana atafundisha saa mbili, kisha darasa liende wodini kuonyeshwa kwa mikono yale yaliyosomwa, ndipo warudi kwa saa mbili nyingine. Kitabu kisipokwisha, kisiishe. Tangazo linasema ni maamuzi ya uongozi baada ya kutafakari. Karatasi yetu haikutajwa, wala majina yetu, nadhani bado iko kwenye droo. Wenzetu kumi na wawili walioanguka mwaka huu nao wanarudia au wamekwenda kwao. Nilipolisoma lile tangazo nilitaka kulibandua. Mwezi wa tatu walikuwa na kila kitu mkononi. Ilibidi mama wa watu aungue mguu.

Nimemsomea Baba barua yako. Nilimsomea yote, kwenye baraza ya nyumba, wateja wakiwa wamekwenda kuswali alasiri. Nilipofika pale pa kufagia aliinamisha kichwa. Nilipomaliza nikamwambia na yangu: uongo, baraza, mwaka wa kurudia. Nikangoja aseme ni yale aliyoyasema tangu mwanzo, kwamba ningeolewa tu.

Badala yake akauliza, "Dada yangu kazi hiyo anaifanya bado, na magoti yale?"

Nikasema ndiyo.

"Mwandikie aje apumzike kwetu. Aje kama alivyo."

Kisha akainuka, akachukua futi yake shingoni, akaniambia nisimame. Akanipima mabega, akanipima urefu, akaandika kwa chaki juu ya meza. Nikamuuliza ananishonea nini. Akasema sare niliyo nayo imekwisha kwenye makwapa, haitavumilia mwaka mwingine.

Nilikuwa nimeanza kushusha mikono yangu niondoke, akaniita.

"Na yule mwenzako wa Kagarama," akasema, chaki bado mkononi. "Ana mabega kiasi gani?"

Mwanao anayekungoja,
Mukarugwiza